UZI: Jina la Kituruki "Can" halisomwi "Kan" na wala sio kopo. Njooni tulielewe vizuri

#1 Mleta uzi

Wakuu habari za muda huu.

Kuna siku nlikuwa bandani naangalia mpira, Dortmund na Frankfurt, upande huu Emre Can na upande ule kuna dogo anaitwa Can Uzun, basi nyuma yangu watu wawili wakaanza kubishana, mmoja anasema "Kan", mwingine anasema "Ken", wa tatu akafunga mjadala kwa kusema hilo ni kopo la Kiingereza, Waturuki wanaitana makopo. Nikageuka nikawaambia jamani linasomwa Jan. Hakuna aliyenisikiliza, mechi ilikuwa imechangamka, nikaacha. Ila nimelala nalo nimeamka nalo nikaona nilete uzi kabisa, maana hilo neno mimi nimeishi nalo miaka mitano nikiwa nasoma Eskişehir kule Uturuki, nimelisikia sokoni, msibani, kwenye pantoni, kwenye taarifa ya habari, na kiukweli sijawahi kukutana na neno fupi namna ile linalobeba kazi nyingi namna ile.

Kwanza kulisoma. Herufi c ya Kituruki ni j yetu, hapo hakuna ubishi. Chukua neno "jana", kata ile a ya mwisho, umemaliza. Waturuki walikuwa wanaandika kwa herufi za Kiarabu mpaka mwaka 1928 ndo wakahamia hizi za Kilatini, na walipogawa sauti c wakaipa j, wakaiwekea mkia chini (ç) ikawa ch, na s nayo wakaiwekea mkia (ş) ikawa sh. Ukishashika hapo majina kibao yanafunguka yenyewe. Cuma ni Juma. Cemal ni Jamali, Cemile ni Jamila, Cafer ni Jafari. Na yule Hatice wa kwenye tamthilia ambaye kila mtu anamsoma "Hatise" ni Khadija, Hadija huyu huyu wetu wa kila mtaa!

Halafu kuna mtego mwingine. Lipo jina linaitwa Kaan, kwa k na a mbili, linavutwa Ka-an, na hilo asili yake ni cheo cha watawala wa zamani wa Kituruki na Kimongolia, ukoo mmoja na "khan". Kwahiyo ukimwita yule Emre "Kan" umeshampa jina la mtu mwingine kabisa.

Sasa maana. Can ni roho. Ni uhai. Neno lenyewe Waturuki wamelitoa kwa Waajemi, kule wanasema jan, na ukizunguka Iran, Afghanistan mpaka India na Pakistan unalikuta. Sisi wa picha za Kihindi tulishalisikia tangu utotoni bila kujua, lile "meri jaan" ambalo kila stelingi lazima alitamke akiwa kwenye mvua, ndo hilo hilo. Waajemi wametuachia na sisi bandari, wametuachia serikali, ila hili la jan halikushuka kwenye jahazi.

Kama jina la mtu lina sura mbili. Linakaa peke yake, mara nyingi kwa mwanaume, kama Can Uzun. Au linakaa kama ubini, kama Emre Can, maana Waturuki sheria ya kila mtu kuwa na jina la ukoo ilikuja 1934 na watu wakachagua maneno wanayoyapenda, mwingine chuma, mwingine jiwe, mwingine simba, mwingine roho. Na linagandishwa kwenye majina mengine, hapo ndo utamu ulipo. Nurcan ni nuru na roho, Gülcan waridi na roho, Aycan mwezi na roho, hayo utayakuta sana kwa wanawake. Ercan na Özcan kwa wanaume. Candan maana yake "kutoka rohoni". Canan ni mpenzi, yule anayependwa. Yule beki Ahmetcan Kaplan aliyetoka Trabzonspor akaenda Ajax, jina lake ni Ahmedi na roho, na Kaplan ni chui milia.

Ila hili jina mimi sikulijua kwa watu, nililijua kwa kuitwa. Wiki ya kwanza nimefika, Kituruki sina hata cha kuombea maji, naenda genge la mboga, mama muuzaji ananiambia kitu kinaishia na "janım". Naenda duka la mkate, janım. Kwenye basi bibi mmoja ananisogeza, janım. Nikajua hawa watu wananifananisha na mtu anaitwa Jani. Mpaka mwalimu wa lugha akatuambia canım ni "roho yangu". Nilikaa kimya pale darasani. Nina siku nane ugenini, baridi inakata, sijasikia sauti ya mama yangu kwa sababu laini haijasajiliwa, kumbe kila ninapopita kuna mtu ananiita roho yake.

Kuna mama mmoja jirani alikuwa anatualika chai wanafunzi wa kigeni, tunamwita teyze, yaani mama mdogo. Chai yao inawekwa kwenye vile viglasi vya kiuno chembamba, na vile vya teyze vilikuwa vya mahari yake, vina mstari wa dhahabu mdomoni. Nikakidondosha kimoja. Kikapasuka vipande vipande sakafuni na chai yote ikamwagikia busati. Nimeganda, natafuta neno la kuomba radhi silipati, yeye anaokota vigae huku ananiambia "canın sağ olsun", roho yako iwe nzima. Halafu akaongeza methali yao, "cana geleceğine mala gelsin", kuliko lije kwenye roho bora lije kwenye mali. Hata bibi yangu Muheza kikombe kikivunjika alikuwa anasema hivyo hivyo, heri mali kuliko roho.

Mkitaka naendelea.

#2 Mdau, Tanga

Endelea mkuu usituache njiani. Mimi swali langu, mbona kwenye tamthilia kuna wakati mtu amekasirika kabisa na bado anasema canım? Juzi mama mkwe anamgombeza mkaza mwanae na canım imo humo humo, chini wametafsiri "mpenzi", nikashindwa kuelewa.

#3 Mleta uzi

Dada umegusa penyewe. Canım lina mizani kama "bwana" letu. Bwana ni mume, bwana ni mkubwa, bwana ni heshima, lakini pia unasema "acha bwana" au "wapi bwana" na hapo humuiti mtu yeyote. Waturuki wanasema "yok canım!" na maana yake ni "wapi bwana, haiwezekani", hakuna mapenzi hapo. "Hadi canım" mtu akivuta ile a ni "nenda huko, nani akuamini". Kwahiyo aliyeandika "mpenzi" pale kwenye mama mkwe kakosea, alitakiwa aseme "mwanangu wee" au "jamani". Sauti ndo inaamua, neno ni lile lile.

Na ukienda ndani zaidi lugha nzima imejaa hii roho. Mtu akiboeka anasema roho yangu inabanwa (canım sıkılıyor), na akikereka anasema hivyo hivyo. Akitamani chakula anasema roho yangu imevuta (canım çekti). Msikivu anasikiliza kwa sikio la roho. Anayekata roho wao wanasema anatoa roho, can veriyor. Kuna matunda madogo ya kijani yanaitwa can eriği, plamu za roho, yanaingia sokoni majira ya machipuo, machachu yanakwaruza meno, watu wanachovya kwenye chumvi wanatafuna kama sisi tunavyofanya kwa embe bichi, na mimi hayo ndo yaliniponya hamu ya embe bichi miaka yote mitano.

Kingine nilichokipenda ni kwenye pantoni za Istanbul. Unavuka kutoka Kadıköy kwenda Eminönü, mkononi una simit, ule mkate wa duara wenye ufuta unauzwa pale gatini, na ubavuni mwa pantoni yametundikwa maboya ya duara ya kuokolea watu. Boya lile wanaliita can simidi. Simit ya roho! Yaani mkate wa ufuta wa roho. Umbo ni lile lile, moja unakula, lingine unatupiwa ukizama. Na jaketi la kuokolea ni fulana ya roho.

#4 Mdau, Mombasa

Maashallah uzi mtamu. Mimi napinga kidogo tu. Umesema Waajemi hawakutuachia jan, na marijani je? Na finjani? Hapa kwetu kahawa mpaka leo twaipiga kwa finjani, na nimeona Waturuki wana fincan. Si ni hiyo hiyo roho imeingia mwishoni?

#5 Mleta uzi

Hapana kaka, na nakushukuru umeuliza maana hata mimi nilidanganyika hapo mwaka wa kwanza, nilikuwa kila neno lenye can nalitafutia roho. Fincan ni finjani kweli, kikombe kidogo cha kahawa, lakini limetoka Kiarabu na lile "jan" la mwisho ni sauti tu imeangukia hapo. Mercan ni marijani, ya baharini, na Waturuki wanalo kama jina la mtu kama sisi tulivyokuwa na Marijani Rajab wa Dar International, Mungu amrehemu, nalo halina roho ndani. Heyecan maana yake msisimko, Kiarabu hicho. Na patlıcan ni bilingani, ambalo nalo lina safari ndefu, Waarabu wanasema badinjani, Wareno wakalichukua kwao, na hili la kwetu ni ndugu wa ukoo huo huo. Bilingani halina roho.

Lenye roho ya kweli na linashangaza ni canavar. Kwa Kiajemi ni kiumbe chenye uhai tu, Wahindi wanasema janwar ni mnyama, wa picha za Kihindi mnalijua. Likafika kwa Waturuki likawa zimwi. Neno limetoka na roho nyumbani likafika ugenini limekuwa dubwana la kutishia watoto.

#6 Mdau, Morogoro

Mimi nimefanya kazi kwenye reli ya SGR na Waturuki, foreman wetu alikuwa Ercan na sisi wote tulimwita Erkani mpaka mkataba unaisha, hakuwahi kuturekebisha hata siku moja! Leo ndo najua ni Erjan. Ila kuna kitu nilikiona, wakiitana wenyewe kwa wenyewe mtu anaitwa Ali wanamwita Alijan, Mehmet anakuwa Mehmetjan, sasa hayo ni majina yao kwenye kitambulisho au wanadekezana?

#7 Mleta uzi

Vyote viwili. Mwingine kazaliwa kaandikwa Alican, mwingine ni Ali tu na watu wanaomzoea wanamuongezea can, kama sisi tunavyosema "Ali wangu". Waajemi ndo wamezidi, kule karibu kila mtu ni "fulani jan".

Na kuna watu ambao kwao can sio kudekezana ni imani. Waalevi wa Uturuki (sio walevi wa pombe, ni watu wa dhehebu la huko) wakikutana kwenye ibada yao ya cem (nayo isome jem) wanaume na wanawake wanakaa pamoja na wanaitana can, "canlar", enyi roho. Hakuna bwana na bibi pale, kwa sababu roho haina mwanaume wala mwanamke. Pia masufi wa Mevlevi, wale wa Konya wanaozunguka na kofia ndefu, mtu mpya akija kujiunga alikuwa anaanzia jikoni siku 1001, anafagia, anakata kuni, anaosha vyombo, na kipindi chote hicho jina lake ni can. Zawiya zao serikali ilizifunga 1925 lakini neno limebaki.

#8 Mdau, Nairobi

Boss hii ni noma, sikujua. Mimi ni wa mpira tu. Kuna legend yeyote wa huko anaitwa hilo jina ama ni hawa vijana wa juzi?

#9 Mleta uzi

Yupo, na sisi Watanzania tumepita karibu naye bila kujua. Can Bartu, alizaliwa 1936 akafariki 2019, wa Fenerbahçe. Huyu mtu alicheza mpira wa miguu na kikapu, vyote kwa Fenerbahçe, na kuna siku alicheza vyote viwili siku moja. Baadaye akaenda Italia, Fiorentina, Venezia, Lazio, na 1962 akiwa na Fiorentina akawa Mturuki wa kwanza kucheza fainali ya kombe la vilabu Ulaya, lile Kombe la Washindi. Kambi ya mazoezi ya Fenerbahçe pale Samandıra inaitwa kwa jina lake. Sasa kumbukeni msimu wa 2020/21 Mbwana Samatta alikuwa Fenerbahçe. Kila asubuhi Samagoal wetu anaingia kazini kwenye geti lenye jina la Can.

Msimu ule mechi zilikuwa hazina mashabiki kwa ajili ya korona, tukawa tunajazana kwenye chumba chenye TV hosteli kumsubiri Samatta aingie. Juu kwenye kona ya skrini imeandikwa CANLI. Jirani yangu wa Burundi alidhani hilo ndo jina la chaneli. Canlı maana yake "yenye roho", yaani mubashara. Kitu kikiwa kinatokea sasa hivi kina roho, kikirekodiwa roho imetoka.

#10 Mdau, Dodoma

Mimi kitu kimoja kinanisumbua wakuu. Kumpa mtoto jina Roho si kama unamuweka karibu na kifo? Huku kwetu roho tunaitaja sana mtu akiwa anaumwa.

#11 Mleta uzi

Mkuu swali lako nimelikalia toka asubuhi.

Kwanza na sisi tunafanya hivyo hivyo ila tumejificha kwenye Kiarabu. Aisha maana yake anayeishi, na neno letu lenyewe "kuishi" ni mzizi mmoja na Aisha. Omari na "umri" ni mzizi mmoja. Yahya wengi wanalifasiri "anaishi". Kwahiyo kila mtaa wa pwani una watu walioitwa uhai tangu siku ya kuzaliwa, tumezoea tu hatusikii tena.

Pili. Tarehe 6 Februari 2023 lilipopiga tetemeko kule Kahramanmaraş mimi nilikuwa Eskişehir, mbali, hakikutudondokea kitu. Lakini TV haikuzimwa wiki nzima. Kwenye kona juu imeandikwa CANLI, na chini ule utepe unaopita umeandikwa "can kaybı", upotevu wa roho, na namba. Unaenda kunywa chai unarudi namba imepanda. Mpaka mwisho kwa upande wa Uturuki peke yake ilivuka 50,000. Neno moja juu na chini ya skrini, juu roho ipo, chini roho zimepotea, na katikati vijana wa uokoaji wananyoosha mkono watu wote wanyamaze, mashine zinazimwa, halafu mmoja anainamia kwenye tundu la zege anauliza kama kuna anayesikia sauti yake. Ukimya ule mimi bado ninao masikioni. Halafu siku ya tano, ya sita, anatolewa mtoto kafunikwa vumbi jeupe, na mtangazaji anapaza sauti, canlı, canlı çıkarıldı, katolewa na roho yake.

Baada ya hapo sijawahi tena kuliona jina hilo kama la kifo.

#12 Mdau, Tanga

Pole sana mkuu, umenitoa machozi mchana huu.

#13 Mdau, Dar

Uzi bora wa mwezi. Mimi wife ni mjamzito, daktari kasema binti, na wife tangu aanze tamthilia anataka jina la Kituruki, kachagua Cansu. Nilikuwa nakataa sijui maana yake. Sasa maana yake ni nini na nikienda kuandikisha cheti niliandikeje?

#14 Mleta uzi

Hongera sana mkuu, Mungu awavushe salama mama na mtoto.

Cansu ni maji ya uhai, su ni maji. Ushauri wangu andika Jansu, kwa j. Ukiandika kwa c karani atasoma Kansu, mwalimu atasoma Kansu, na wenzake darasani watamwita kanzu mpaka anamaliza la saba. Mtoto asibebe mzigo wa herufi.

Na maana yake kuna kitu mwambie wife. Waturuki wana neno can suyu, na hilo sio la mashairi ni la shambani. Ni yale maji ya kwanza kabisa unayomwagia mche ukishaupanda na kushindilia udongo. Nyuma ya hosteli yetu kulikuwa na mzee mmoja mtunza bustani, siku moja mwezi wa tatu namkuta kapanda mche mwembamba kama fimbo ya bakora, hauna hata jani, kapiga magoti anaumwagia ndoo polepole, anasubiri udongo unywe, anamwaga tena. Udongo wenyewe ulikuwa tope, usiku kucha mvua ilikuwa imenyesha. Nikamuuliza mzee, mbona unamwagilia na mvua imenyesha? Akaniambia bila hata kugeuka, ile ilikuwa mvua, haya ni can suyu.